Neno la Siri la Bi Funguo

Dada yangu ulimsikia kabla hujamwona. Funguo zote za shule zilining'inia kiunoni mwake kwenye pete moja ya chuma: za ofisi, stoo, maabara, maktaba, hata za kabati la vikombe vya michezo ambalo halijawahi kuwa na kikombe. Wanafunzi walimwita Bi Funguo wakidhani hajui. Alijua, na jina lenyewe alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukubali. Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani, tunaishi nyumba moja tangu watoto wetu walipokwenda kujitegemea, na mikanda aliyoichana kwa uzito wa ile pete nimeishona mimi. Siku moja nilimshauri awagawie walimu nusu ya funguo. Alinitazama kana kwamba nimemwambia agawe meno yake.

Alikuwa katibu wa shule. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chembamba: meza, kabati la chuma, feni iliyopuliza upande mmoja tu, na kidirisha chenye nondo kinachotazama barazani. Wanafunzi walisimama nje ya nondo, yeye akakaa ndani, na shida zote za shule zikapitia hapo. Niliwahi kumpelekea chakula nikamkuta kazungukwa na mikono iliyopenya katikati ya nondo, nikamwuliza ni nani hasa aliyefungwa, wao au yeye. Hakucheka. Dada yangu utani wa kazini kwake hakuupenda.

Kompyuta zilipoingia, kila mwanafunzi alipewa akaunti kwenye mfumo wa elimu. Humo mnakaa picha yake, matokeo yake, simu ya mzazi, na chuo anachokiomba. Ili kuingia unahitaji namba yako ya mwanafunzi na neno la siri. Namba haikuwa na tabu, maana shule ilizibandika ukutani pamoja na matokeo, kila mpita njia akazisoma. Tabu ilikuwa neno la siri. Watoto wanaokumbuka kila bao la msimu mzima, na nani alilifunga, na kwa mguu gani, walishindwa kukumbuka neno moja. Kila asubuhi ilikuwa foleni kidirishani: "Shikamoo mama, nimesahau. Naomba jipya." Kesho yake tena, yuleyule. Dada alirudi nyumbani sauti imemkauka.

Jioni moja akanijia pale kwenye cherehani, uso unang'aa.

"Hebu nikuulize. Jirani yetu wa mkono wa kulia, jina lake nani?"

"Mama Pacha."

"Hilo ni la watoto. Nataka lake mwenyewe, alilopewa alipozaliwa."

Tumeazimana chumvi na yule mama miaka nenda rudi, nimemshonea magauni, nimelia naye msibani. Jina lake sikulijua.

"Umeona sasa!" Akapiga makofi. "Mwanamke akishazaa, jina lake linaingia kabatini. Nani anabaki analijua? Wanawe tu. Na mtoto gani anasahau jina la mama yake?"

Basi ndivyo alivyofanya. Alikaa na mafaili ya kujiandikisha, akampangia kila mwanafunzi wa shule ile neno la siri, nalo ni jina la mama yake. Foleni ikayeyuka. Mwalimu mkuu alimsifu mbele ya wanafunzi wote, walimu wakampigia makofi, na mimi nikamwambia una akili dada. Nilimaanisha. Mpaka leo naona ilikuwa akili kweli, ila ilikuwa na mlango wa nyuma, na mimi na yeye wote tulikuwa tumeupa mgongo.

Faida nyingine aliyoipata ni kwamba alijua majina ya kina mama wote. Akikutana na mmoja sokoni alimwita kwa jina lake mwenyewe, pole pole, kwa heshima. Wanawake walishtuka, wakageuka, halafu wakatabasamu kama walioguswa begani na mtu wa kwao. Alifurahia sana mchezo huo.

Kidoti alikuja kidirishani siku chache baada ya matokeo ya mwisho kutangazwa. Tulimwita hivyo kwa sababu ya alama nyeusi shavuni, chini kidogo ya jicho. Baba na mama yake walikwisha fariki, alilelewa na bibi mzaa mama, na alikuwa mtoto wa kusoma haswa. Alikuwa amefaulu. Alikuwa ameomba chuo cha uuguzi, na nafasi ameipata. Alikuja tu kuthibitisha kwamba ataripoti, kwa kuwa kwao hakuna simu ya maana.

Dada aliniambia kwamba mtoto alisoma kioo, akarudia kusoma, kisha akasema kwa adabu kabisa, "Mama, nadhani umefungua ya mtu mwingine."

Haikuwa ya mtu mwingine. Jina lilikuwa lake, namba yake, matokeo yake. Picha tu ndiyo haikuwa yake. Pale juu, kwenye mraba wa picha, alikuwa binti wa baba yake mdogo, umri mmoja naye, aliyekwama kwenye mtihani uleule. Namba ya simu nayo imebadilishwa. Na nafasi ya chuo ilikuwa imekwisha thibitishwa. Yule binamu alikuwa tayari yuko chuoni, kapewa kitanda, anaitwa kwa jina la Kidoti na kuitika.

Siku ile Dada alirudi nyumbani hata funguo hazikulia, alikuwa amezishika kwa mikono miwili. Akaketi kwenye kiti cha wateja wangu.

"Nani anajua jina la mama yake?" akaniuliza.

"Wewe. Na yeye mwenyewe."

"Na bibi yake. Na nani tena, mdogo wangu? Fikiri."

Nikafikiri, mguu ukaacha kukanyaga cherehani. Shemeji wa marehemu mama yake, yule baba mdogo. Mdogo wa mume. Alikuwepo siku ya ndoa, alilisikia likisomwa mbele ya watu, amemwita shemeji miaka yote akiwa analijua. Namba ya mwanafunzi aliisoma ukutani. Hakuhitaji kuiba kitu. Tulikuwa tumeficha ufunguo chini ya zulia la mlangoni, tukajisifu kwamba mgeni hawezi kuuona, wakati anayelijua lile zulia ni mtu wa nyumbani. Nilihisi joto la hasira mpaka masikioni. Dada hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilinitisha kuliko kitu chochote.

Alimpeleka Kidoti kwenye ofisi ya ule mfumo, nami nikafunga kazi nikawasindikiza. Kaunta ya kioo, viti vilivyoshikamana, msichana mwenye sauti laini ya kuzoea watu.

"Jina la mama?" akauliza.

Kidoti akalitaja, taratibu.

"Sawa kabisa. Sasa tazama simu yako, nimekutumia namba za kuthibitisha. Zinadumu dakika chache tu."

"Dada, simu hiyo si yangu," Kidoti akamwambia.

"Ndiyo iliyosajiliwa."

"Iliyosajiliwa na mwizi!" nikadakia mimi.

"Mama, mimi naona kilichopo hapa." Akatazama kioo, akamtazama Kidoti, akarudi kwenye kioo. Sauti ile laini ikabadilika. "Huyu siyo wewe, mdogo wangu. Kwa haki ningekuuliza wewe, unatafuta nini kwenye akaunti ya binti wa watu?"

Niliwahi kumwona mtoto akilia kwa kupigwa na mtoto akilia kwa njaa. Mpaka siku ile sikuwa nimemwona mtoto akigusa shavu lake mwenyewe, pale penye kidoti, kama anayehakikisha kwamba bado lipo.

Ilibidi Dada atoe kitambulisho chake cha kazi ndipo msichana akalainika kidogo. Akatueleza. Akaunti inaweza kurudi kwa njia moja: zile namba za kuthibitisha, kutoka ile simu. Na hata ikirudi, chuo kitataka maelezo ya shule yaliyotiwa saini kuhusu namna akaunti ilivyoingiliwa. Kama kosa ni la shule, nafasi inarudishwa kwa mwenyewe. Kama mwanafunzi ndiye aliyetoa neno lake la siri kwa mtu, nafasi inafutwa, hapewi yeye wala yule mwingine.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshaandika maelezo yake kabla Dada hajafika ofisini. Alimkaribisha kiti, akafunga mlango, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Karatasi ilisema mwanafunzi alitoa neno lake la siri kwa ndugu zake.

"Hakulitoa, mwalimu. Nilimpangia mimi."

"Mama, ukisema hivyo, umesema watoto wote wa shule hii milango yao iko wazi. Unajua wazazi watakuja na nini hapa?"

"Ni kweli iko wazi."

"Tutaifunga kimya kimya, likizo. Huyu ni mtoto mmoja. Mwakani ataomba tena." Akamsogezea kalamu. "Wewe ni mtu wetu. Usinifanye nimtafute katibu mwingine."

Mtu huyu simpendi, lakini nitasema haki yake: hakuwa katili. Aliogopa, na mwoga mwenye cheo hutafuta mtu mdogo wa kukalia. Alimpa Dada mpaka mwisho wa wiki.

Siku zile nyumba yetu ilikuwa finyu. Dada alizunguka kutoka jikoni hadi barazani, kutoka barazani hadi jikoni, kama anayetafuta kitu alichokishika mkononi. Nilimwambia asisaini. Rahisi kusema, kodi ya nyumba inatoka kwake. Nilimwambia basi asaini, halafu nikaona haya. Alinijibu mara moja tu: "Nikisaini namfungia yule mtoto nje ya jina lake. Nisiposaini, nani atanipa kazi tena baada ya kuandika kwa mkono wangu kwamba siri za watoto wote nilizianika mimi?" Kisha akaanza tena safari zake za jikoni.

Ila kabla ya saini zilitakiwa namba. Nazo zilikuwa kwenye simu. Simu yenyewe, tulikuja kugundua, haikuwa ya baba mdogo. Yeye ni dereva wa lori, njiani mtandao humkimbia, kwa hiyo alisajili simu ya mkewe aliye nyumbani daima. Tukaenda mchana, Dada, mimi na Kidoti, mwenye nyumba akiwa safarini.

Mkewe alikuwa anaanua nguo. Alipomwona Kidoti nyuma yetu alishusha macho, nikajua anajua. Hata hivyo alituletea viti, akatuuliza habari za nyumbani, habari za kazi, habari za bibi. Dada alijibu zote, ndipo akasema kilichotuleta.

"Mimi mambo ya mitandao siyajui, mwenzangu. Nimezaliwa nayo wapi?"

"Simu yako ndiyo inayapokea."

"Inalia lia tu. Sisomi." Akakunja shuka ambalo alikuwa ameshalikunja. "Mwanangu ameondoka hapa kwa vigelegele. Mtaa mzima umempongeza. Mnataka nimrudishe na aibu gani?"

Mimi nilikuwa na maneno yangu tayari, makali kama wembe. Dada akanikanyaga mguu. Akatoa simu yake, akafungua ukurasa wa yule mwanafunzi kama shule inavyouona, akampa.

Yule mama alitabasamu alipoiona picha ya binti yake. Akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole kikafika panapoandikwa jina la mama, kikasimama. Likafuata jina la mama yake Kidoti, mke wa kaka wa mumewe, aliyekwisha zikwa, na pembeni yake neno moja: marehemu.

"Mimi niko wapi hapa?"

"Hupo," Dada akamjibu.

"Sasa mwanangu akiugua huko?"

"Watapiga namba hii. Utapokea. Watakuuliza wewe ni nani yake."

"Nitawaambia mimi mama yake."

"Watakuambia mama yake alishafariki."

Shuka likamdondoka. Alikaa chini kwenye kizingiti, simu mapajani, akitazama ile picha mpaka kioo kikazimika chenyewe. Kuku walipita, wakarudi. Nilidhani atatufukuza, na moyoni nilikuwa nimeanza kumwonea huruma, jambo ambalo sikulipanga.

"Baba yake alisema ni karatasi tu," akasema. "Kwamba mtoto mmoja au mwingine, wote wa ukoo." Akavuta simu yake kutoka kwenye pindo la khanga. "Tumeni hizo namba zenu kabla sijabadili moyo."

Zikaja. Alizisoma moja moja, na Dada akaziingiza. Ukurasa ukafunguka. Ulitaka picha kwanza, kwa hiyo tukamsimamisha Kidoti ukutani, na mama mdogo wake mwenyewe akasogeza kamba ya nguo ili kivuli kisimwangukie usoni. Kidoti kikaonekana vizuri. Kisha mfumo ukataka neno jipya la siri.

Dada akampa mtoto simu. "Andika haraka. Neno lolote, ila lile usiliandike tena."

Kidoti hakuandika. Alishika simu kwa mikono miwili, kidole gumba kinaelea juu ya herufi.

"Andika mwanangu, muda unakwisha!"

"Mama," akasema, "nyumbani halitajwi. Bibi akilisikia analia, kwa hiyo hatulitaji. Hapa ndipo pekee palipokuwa pananiuliza." Machozi yalimdondokea kwenye kioo, akayafuta kwa kiwiko, yakarudi. "Kila nikifungua nilikuwa naliandika. Nikilitoa na hapa, nitaliandika wapi tena?"

Dada yangu ni mtu wa kujibu kila shida kidirishani. Siku ile alisimama na mikono yake mitupu, na nikaona kitu ambacho sikukiona aliposifiwa wala alipotishwa: aliona alichokuwa amekigusa alipokaa na yale mafaili. Alikuwa ametafuta kitu ambacho mtoto hasahau. Alikipata.

"Nitakuitia mimi," akamwambia mwisho. "Andika lingine. Hili nitakuitia mimi."

Kisha akageuza uso ukutani, akatugeuza na sisi, mimi na yule mama, mabega yetu yakagusana. Nyuma yetu tulisikia kidole kikigonga kioo, kikasita, kikagonga tena. Neno alilolichagua hakuna anayelijua. Dada hakuuliza, na hilo kwake lilikuwa jambo zito kuliko mnavyodhani.

Kesho yake alikwenda kwa mwalimu mkuu. Karatasi iliyoandaliwa aliiacha pale ilipo. Akaandika yake, kwa mwandiko wake mzuri wa ukatibu, kwamba neno la siri la mwanafunzi yule na la kila mwanafunzi wa shule lilipangwa na yeye, na ni jina gani, na kwa nini mtu wa ukoo aliweza kulijua. Akaweka saini. Kisha akafungua mkanda, akavua pete ya funguo, akaiweka juu ya karatasi ili feni isiipeperushe. Mwalimu mkuu hakumzuia.

Kidoti alikwenda chuoni. Binamu yake alirudi nyumbani akiinamisha kichwa, na nasikia mama yake alimpokea getini kwa jina lake kamili, mara kadhaa, kama anayemhesabu. Baba mdogo hatusalimii. Shule iliamriwa kubadilisha maneno ya siri ya watoto wote, na foleni imerudi kidirishani, ndefu kuliko zamani. Katibu mpya sauti imemkauka tayari.

Dada hajapata kazi nyingine. Kila anakoomba wanampigia simu mwalimu mkuu. Anakaa barazani karibu na cherehani yangu, ananisaidia kushona vifungo, vibaya, na mara kwa mara mkono wake unakwenda kiunoni na kurudi mtupu. Kutoka haendi. Anasema akikutana na kina mama haya inamshika, kwa kuwa sasa wanajua majina yao aliyafanyia nini.

Ila Kidoti akija likizo hupita njia ya kwetu. Dada humwona kwa mbali, anatokea kule kona ya duka. Huweka kifungo chini, husimama, na humwita binti wa fulani, kwa jina la mama yake, lote, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Watu hugeuka. Na yule mtoto, hata akiwa na mzigo kichwani, hata akiwa na wenzake, husimama palepale katikati ya njia na kuitika: "Abee."